Anwani ya Kwenye Kibao

Jumatatu, 3 Machi 2025. Kavimvira, mpakani na Burundi.
Siku ya kumi na nane bila mchumba wangu Émérance. Alivuka kwenda Burundi na mama yake risasi zilipoanza kulia. Simu yake haipatikani. Anwani yangu pekee anayoijua kwa moyo ni ya barua pepe, ile aliyoichora mwenyewe kwa rangi nyekundu kwenye kibao cha kibanda changu cha kuchapa barua. Kwa hiyo kila barua inayoingia huenda ni yake. Leo imeingia moja: "Picha zako." Nikafungua kiambatisho. Picha hakuna! Kompyuta ikajaa matangazo ya dawa za nguvu za kiume, mbele ya mama aliyekuja kuchapisha tangazo la misa.

Jumanne, 4 Machi.
Tariki wa kibanda cha pili, mshindani wangu, amenisafishia kompyuta huku akitabasamu. Akasema nisifungue kiambatisho cha nisiyemjua. Nisome anwani ya mtumaji herufi kwa herufi. Nikiwa na shaka, nimpigie mwenyewe nimuulize. Nikamjibu kwamba ningekuwa na namba ya kumpigia, nisingefungua chochote. Akarudi kibandani kwake. Nimeshinda, na nimeumia.

Alhamisi, 6 Machi.
Ujanja! Barua zangu nitazifungulia kwenye kompyuta ya Tariki. Alipokwenda kuswali adhuhuri nikajitolea kumlindia kibanda. Barua mpya ilisema kifurushi changu kimekwama, nibonyeze hapa. Émérance anaweza kutuma kifurushi. Kiungo kikaomba neno la siri. Nikaandika jina la Émérance, ndilo neno langu la siri. Kufikia alasiri wateja wangu wote, pamoja na Padri Térence, walikuwa wamepokea barua yangu ikiwaalika kwenye mapenzi ya siri. Tariki hakunikaripia. Alibadilisha neno langu la siri, akasema mfa maji haachi kutapatapa, akaniuliza kama nimekula. Sikuwa nimekula.

Jumamosi, 8 Machi.
Kaneza, anayebadilisha pesa mpakani, amenivushia karatasi iliyokunjwa mara nne. Mwandiko wa Émérance! Ni wazima, wako Bujumbura kwa shangazi, simu ilizama mtoni. "Minye siko na email, Gratien, na unajua. Usifungue vitu ovyo. Uningojee." Nimeisoma mara tisa. Nimeinusa. Inanuka noti za Kaneza tu. Nimeapa kwamba nimekoma.

Saa kumi na moja jioni. Kompyuta imelia. Mtumaji simjui. "Mpenzi, fungua haraka." Émérance hana barua pepe. Lakini karatasi aliiandika juzi. Tangu juzi mtu anaweza kuwa amepata barua pepe.

Nimebonyeza.