Kopo Langu la Boroni na Jicho Mlangoni

Mkwe wangu mheshimiwa, Mkuu wa Usalama na Funguo Zote za Nyumba Hii,

Natumaini barua hii itakufikia jikoni ukiwa mzima, na umekaa. Mimi sijambo, kwa kipimo cha mtu ambaye daktari wake ameanza kumwita "mzee wetu" kwa sauti ya upole. Kwa kuwa muda si mwingi, naingia moja kwa moja kwenye malalamiko.

Jumatatu uliliona kopo la asidi boroniki kando ya kitanda changu, ukasoma lebo, ukasema, "Baba, chagua. Kopo au Kasuku." Tangu hapo mjukuu wangu Kasuku ananisalimia kupitia tundu la ufunguo. Mimi niliyefundisha kemia kumbi zikajaa, leo nazungumza na jicho moja.

1. Kopo limeonewa. Unga ule mweupe niliutengeneza mwenyewe chuoni, na haujawahi kumgombeza mtu. Ni asidi, nakubali, lakini dhaifu kiasi kwamba ndimu ingeionea huruma.

2. Tabia yake inawashinda ndugu zetu wengi. Boroni ina nafasi moja tupu, kwa hiyo hukaribisha wageni. Ikikutana na sukari huishika, na maji yakiwa machachu huiachia bila kinyongo. Kaboni mbili zikitaka kuoana, metali iitwayo paladiamu huwa mshenga. Boroni humsindikiza bwana harusi hadi mlangoni, kisha hujiondokea bila kusubiri chakula. Nitajie shemeji yako mmoja mwenye adabu hiyo.

3. Unasema ni jamaa ya dawa ya mende. Ni kweli, ni binamu yake. Wewe pia una binamu uliyetuomba tusimwalike harusini, na hatukukufungia kabatini.

4. Hili ndilo kubwa. Kila wiki unanishika mkono hadi kliniki, unakaa pembeni huku wakinidunga dawa ya saratani ya uboho ambayo ndani yake imo asidi boroniki. Kumbe ndani ya mzee ni tiba, ndani ya kopo lililofungwa ni balaa. Basi na mimi ni kopo. Nibandike lebo, nifungie kabatini, unitoe kwa glavu saa ya chai.

Naomba kopo libaki, Kasuku aingie, na chumvi ya mezani ibandikwe picha ya fuvu, maana nayo humuua panya akilishwa kupita kiasi.

Msalimie mwanangu anayejifanya hajui lolote, jirani wa ghorofa ya juu pamoja na viatu vyake vinavyogonga usiku kucha, na lile jicho.

Ni mimi, ninayeisha lakini bado nabisha,
Baba Mkwe

Baada ya sahihi: Sijawahi kuugusa unga ule bila glavu. Baadhi ya jamaa zake zimeonekana maabarani zikivuruga chembe za urithi za bakteria. Na ganzi ya miguu na vidole niliyokwambia ni uzee imeletwa na ile dawa. Kile kikombe kilichovunjika nilikiangusha mimi kwa ganzi hiyo, paka nilimsingizia tu. Kopo nimeliweka nje ya mlango, limefungwa ndani ya mifuko miwili. Mpe fundi wa maabara chuoni, usimwage kwenye sinki, kisha unawe mikono. Meza nimeifuta. Tundu la ufunguo nimeliziba kwa pamba, Kasuku asipate sababu ya kubaki nje.