Hatuna Shida ya Maji, Alhamdulillahi

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Nimesingiziwa bungeni! Mimi, Abdulwahab Chirau, mwalimu mkuu mstaafu, mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji cha Mafundani. Habari nimeletewa na Sharif, mzee wa Kigandani, kijiji jirani. Alinipa mkono baada ya sala ya alasiri, akaniuliza kwa nini hatuwagawii majirani maji, maana amesikia kwetu yamezidi. Nikadhani utani. Pampu ya kisima chetu imekufa tangu Juni. Wake zetu wanachota huko huko kwa Sharif!

Nikampigia simu Bushra, mjukuu wa dada yangu, karani katika bunge la kaunti. Akanisomea Hansadi. (Hansadi ni kumbukumbu ambamo huandikwa kila neno la kila mheshimiwa, hata la kipuuzi. Likishaingia, halitoki.) Jumatano iliyopita mwakilishi wa wadi yetu, Mheshimiwa Muzammil, alisimama akasema kwamba alizuru Mafundani, akamuuliza mwenyekiti habari za maji, na mwenyekiti kwa kinywa chake akajibu: nzuri, hatuna shida ya maji, alhamdulillahi. Kwa hiyo, akasema, bomba jipya la kaunti liende Kigandani.

Nilisema hivyo, sikatai. Lakini ile ilikuwa salamu! Mtu akikuuliza habari, unajibu nzuri. Habari za watoto, nzuri. Habari za maji, nzuri. Hata nyumba ikiwaka moto unajibu nzuri kwanza, ndipo unasema, "Ila..." Mheshimiwa aliondoka kabla ya ila. Alikuwa anawahi harusi kule Jego. Na nilimfundisha mimi, darasa la tano!

Kamati ya bunge itatoa ripoti ya bomba Jumatano ya wiki ijayo. Baada ya hapo imekwisha.

Mwanapili, mke wangu, ana goti lililovimba kama papai, na kila siku anakwenda Kigandani mara tatu na dumu lake. Amesema bomba likitupita, yeye anahamia Tiwi kwa dada yake Hanifa, ambaye mfereji wake uko mlangoni. Amesema bila kupandisha sauti. Hapo ndipo pa kuogopa.

Jumanne, 9 Septemba

Nimemfuata Muzammil ofisini kwake Msambweni. Shikamoo mwalimu, karibu mwalimu, soda. Nikamwomba asimame bungeni ajisahihishe. Akaniuliza kama nilisema au sikusema. Nikajibu nilisema. Akauliza basi kosa lake ni lipi.

Nikamweleza tofauti ya salamu na taarifa. Nusu saa, na mifano kumi na miwili. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu sana. Katika mfano wa tisa nikagundua anatazama mpira kwenye simu.

Akasema mheshimiwa akijisahihisha mwenyewe wapiga kura humwita mwongo. Lakini akishutumiwa na mwenzake, ana haki ya kusimama na kuweka mambo sawa. Yaani hawezi kusema alikosea mpaka mtu aseme alikosea, halafu atasimama kusema hakukosea? Sikuelewa.

Ila nimepata wazo! Mheshimiwa Kadzo, wa wadi ya kule juu milimani. Hawapikiki chungu kimoja na Muzammil. Nimempigia. Hata sijamaliza kumsalimu alikuwa amekubali.

Alhamisi, 11 Septemba

Kwale, bungeni. Nimekaa viti vya wageni, kanzu ya Idi, karatasi mfukoni.

Kadzo akasimama. Akasema mzee wa Mafundani amesingiziwa. Hakusema hawana shida ya maji. Alisema watu wake wana kiu mpaka wanachemsha maji ya bahari. Maji ya bahari! Sikulitaja neno bahari!

Muzammil akasimama kwa hoja ya nidhamu. Amesingiziwa yeye. Hakusema Mafundani hawana shida ya maji, alisema mwenyekiti ndiye aliyesema hawana shida ya maji. Kadzo akasimama tena. Amesingiziwa yeye. Hakumwita Muzammil mwongo, alisema tu kwamba aliyoyasema ni uongo. Mheshimiwa mmoja wa viti vya nyuma naye akasimama kulalamika kuwa amesingiziwa, na hakuna aliyekuwa amemtaja. Spika akauliza ni nani hasa amemsingizia nani. Wakatazamana.

Nikaona wanahitaji kueleweshwa. Nikasimama. Mgeni haruhusiwi kusema bungeni. Kanuni nzuri, nimeifundisha miaka ishirini na sita. Askari wawili wakanitoa polepole, mmoja kila kwapa. Mmoja alikuwa mwanafunzi wangu. Akaniuliza habari za Mafundani. Nikamjibu nzuri.

Jioni Bushra akanifafanulia hesabu yake. Mwanzo maneno "hatuna shida ya maji" yalikuwa ndani ya Hansadi mara moja. Sasa yamo mara saba, kwa kuwa kila aliyesimama kuyasahihisha alilazimika kuyarudia kwanza. Akaniambia, "Babu, wakikusahihisha tena utakuwa umeyasema mara nyingi kuliko waheshimiwa wote."

Lakini Spika ameamuru kamati ije Mafundani Jumamosi, imsikilize mwenyekiti kwa masikio yake, na karani aandike. Ushindi!

Ijumaa, 12 Septemba

Siku ya mazoezi. Mwanapili anauliza, "Habari za maji?" na mimi nijibu mbaya. Kitu chepesi. Siwezi. Ulimi unakwama kwenye meno. Mara kumi na nne ameniuliza, mara kumi na nne nzuri. Akasema, "Baba Esha, wewe ukifikwa na mauti utamwambia Malaika karibu chai."

Nimebuni njia nyingine. Wageni wakifika, nitajificha nyuma ya ukuta wa choo mpaka salamu zimalizike. Kisha nitatokea, na kuanza moja kwa moja na ila.

Jambo jingine. Wageni hawawezi kufika kwenye nyumba isiyo na tone la maji. Aibu! Nimekodi mkokoteni, nikasomba maji Kigandani safari tano, tangi la uani limejaa mpaka shingoni. Sharif alinitazama nikipita, akacheka akashika mbavu. Mwanapili akauliza kama ni busara watu wanaokuja kutafuta kiu wakute maji. Nikamweleza kwamba ukarimu na ushahidi ni masomo mawili tofauti. Alikwenda kulala bila kunijibu. Nadhani aliridhika.

Jumamosi, 13 Septemba

Walifika saa nne. Wajumbe watano na karani, si Bushra, mwenye kompyuta ndogo. Mimi nyuma ya choo. Nilisikia salamu zote mpaka mwisho, habari za mbuzi zikiwemo. Nikatokea.

Nilisahau jambo moja. Anayefika ndiye anayesalimiwa upya.

Mwenyekiti wao, Mheshimiwa Shutu, mtu mzima mwenye adabu zake, akainuka, akanipa mikono miwili. Akaniuliza habari za hapa. Nikauma ulimi. Watu wote wakasubiri. Kuku wakasubiri. Nikafunga macho nikasema: mbaya!

Nilisema! Naapa nilisema!

Mheshimiwa Shutu akashika kifua. Wajumbe wote wakasimama. Innalillahi! Pole mwalimu, nani? Lini? Kazikwa wapi? Mmoja akavua kofia. Mwingine akakunjua mikono kuanza Fatiha. Mama mmoja wa jirani akasikia, akaanza kulia huko huko jikoni kwake. Ningefanya nini? Niwaache wasome Fatiha ya mtu ambaye hayupo? Nikapaza sauti: hapana, hapana, tulieni, hakuna aliyekufa, sote wazima, hatuna shida yoyote, alhamdulillahi!

Karani akaandika.

Nikasema, "Ila..." Lakini walikuwa wamefurahi mno kwamba hakuna maiti, wanacheka, wananipiga mgongoni. Mheshimiwa Shutu akaomba atawadhe. Nikampeleka kwenye tangi. Akanawa, akasukutua, akanywa, akasema hajaonja maji matamu hivi tangu aingie siasa. Wote wakanywa. Karani akapiga picha ya tangi.

Wakaondoka wakiniombea umri mrefu. Jioni majirani wakaja na ndoo, nikawakaribisha, wakalimaliza tangi.

Jumapili, 14 Septemba

Mwanapili amekwenda Tiwi. Amechukua mkeka, dawa ya goti na buibui ya pili. Dumu ameniachia. Mlangoni nilitaka kumwambia asiende. Nikamwambia safari njema.

Sharif alikuja kunipa pole. Akauliza kama nitakuja kuchota mwenyewe, ili aniwekee foleni. Nikamkaribisha chai. Hakukuwa na maji ya chai.

Bushra anasema imebaki njia moja tu, barua kwa Spika kabla ya Jumatano. Amenionya kwamba Spika hupokea barua nyingi na husoma aya ya kwanza peke yake. Nikamwambia aya moja yamtosha mtu anayejua kuandika.

Jumatano, 17 Septemba

Ripoti imepita. Bomba ni la Kigandani.

Sielewi. Bushra ameapa kwamba barua ilifika, na Spika aliagiza aya ya kwanza isomwe mbele ya bunge zima. Waheshimiwa wakagonga meza. Muzammil akasimama akashukuru kwamba hatimaye kumbukumbu zimewekwa sawa. Hata Kadzo akaomba radhi.

Ninayo nakala hapa. Nimeipitia kwa kalamu nyekundu, haina kosa. "Kwa heshima na taadhima. Ama baada ya salamu, sisi wakazi wa Mafundani hatujambo, hatuna shida yoyote, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali." Ndivyo barua inavyoanza. Malalamiko yako aya ya tano, mahali pake. Wangefungua ukurasa!

Saa kumi Mwanapili akapiga simu. Nimekwenda kwa Sharif na dumu mara sita tangu aondoke, kiuno hakikunjuki, na wali nimeuunguza siku tatu. Nyumba imekuwa kubwa. Akaniuliza habari za huko. Nikajibu nzuri. Akaniuliza kama napata maji, kama nala, kama nimemkumbuka. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mimi sina neno.

Kisha akasema alhamdulillahi, alikuwa ameshakunja mkeka arudi kesho, lakini kama mambo ni mazuri hivyo, basi atakaa mpaka Ramadhani. Akakata.

Amenielewa vibaya! Mwanapili naye! Miaka thelathini na minane!

Jambo hili lazima lisahihishwe leo leo, na kwa maandishi, maana simu haina kumbukumbu. Nimewasha taa, nimechukua karatasi safi. Nimeanza vizuri:

"Mpenzi Mwanapili. Ama baada ya salamu, mimi huku sijambo, sina shida yoyote..."