Kuhusu Watu Wanaoombewa Sukari Kabla ya Kuzaliwa

Shina la Nyumba Kumi,
Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo,
Dar es Salaam.
9 Februari 1983

Ndugu Padre Marcelino,

Waumini wako hukuita Baba. Mimi ni Mwislamu na ni balozi wa nyumba kumi, na Chama kimetufundisha kwamba binadamu wote ni ndugu, kwa hiyo nakuita Ndugu. Usinihesabie utovu wa adabu.

YAH: MAHUBIRI YAKO YA KRISMASI

Sikuandikii kupinga dini yako. Nimeambiwa ulifundisha kwamba Kristo hakuanza pale Bethlehemu. Alikuwako kwa Mungu tangu mwanzo, kabla ya dunia, kabla hata ya mama yake mwenyewe. Hayo ni yenu, nami nayaheshimu. Malalamiko yangu yanahusu orodha ya sukari. Sukari ya duka la ushirika hugawiwa kwa idadi ya watu walioandikwa, na mwandishi ni mimi, huu mwaka wa kumi na moja.

1. Siku mbili baada ya Krismasi alikuja Euphrasia, mke wa Tarsis, karani wa bandarini. Ni watu wa Rombo, wapangaji wa nyumba ya tatu. Akaniamkia vizuri, akaomba nimwandikie mtu mmoja zaidi. Nikamwuliza mgeni amefika lini. "Hajafika, mzee. Yuko njiani," akasema, akashika tumbo. Lilikuwa la miezi minne. Nikamweleza kuwa orodha ni ya watu waliopo. Akanijibu kwa upole kwamba Padre amesema inawezekana kuwapo kabla ya kuzaliwa. Nikasema huyo ni Kristo. "Najua, mzee. Ndiyo maana siombi makubwa. Nusu kilo tu." Nikaandika: Mtoto wa Euphrasia, umri bado.

2. Habari haikulala. Kasmir, fundi viatu wa nyumba ya saba, akaja kuandikisha watoto watatu. Kasmir hana mke. Nilipouliza mama yao yuko wapi, alisema naye yupo, ila hawajaonana. Nikamkatalia. Akanishtaki kwenye Tawi la Chama kwamba nabagua watu kwa dini, nikaagizwa nimwandikie kwanza, uchunguzi ufuate.

3. Usidhani ni Wakristo peke yao. Bi Sitara, mjane, Mwislamu mwenzangu, alitaka nimrudishe orodhani marehemu mumewe, Mzee Safari. Hoja yake ilikuwa kwamba kama ambaye hajaja anahesabiwa, aliyekuja, akakaa miaka sabini, akaondoka kwa adabu, ana kosa gani? Nilimwandika. Nilikuwa nimechoka. Baada yake walikuja wengine, sitakuchosha nao.

4. Orodha ikafika watu mia na thelathini na mmoja. Afisa wa ugavi akaja kuhesabu, akapata mia na kumi na wawili, akataka kuonyeshwa waliobaki. Nilianza na tumbo la Euphrasia, kwa kuwa ndilo pekee lililokuwa na dalili ya ushahidi. Afisa akaandika "Haonekani." Euphrasia akasema hata Neno hakuonekana mpaka alipofanyika mwili, akakaa kwetu. "Kwenu nyumba namba ngapi?" afisa akauliza, akaanza kupekua karatasi zangu.

Nimepewa wiki mbili nilete orodha safi, la sivyo atafutwe balozi mwingine. Nilikwenda mwenyewe kumwarifu Euphrasia kuwa namfutia mwanawe. Nilitegemea ubishi. Akaniwekea kigoda, akasema, "Mzee, nilishabeba mimba mbili kabla ya hii. Zote ziliharibika, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba walikuwako. Sukari mpe mwingine. Jina usilifute." Tarsis alisimama mlangoni akitazama barabarani, hakugeuka. Nilikunywa maji yao nikaondoka.

Lakini kazi ni kazi. Kwa hiyo naomba, Jumapili ijayo uwatangazie waumini kwamba kuwapo kabla ya kuzaliwa ni kwa Kristo peke yake. Hakurithiwi, hakuazimwi, na hakupelekwi dukani. Uongeze kwamba mtu wa kawaida huanza siku anapolia mbele ya mkunga. Kwa upande wangu nitasimamia jambo hilo bila kuyumba: asiyeonekana haandikwi, awe wa nani, na mama yake aseme nini.

Nisalimie mapadre wenzako, masista, mpishi wenu, na wanakwaya, ambao mazoezi yao tunayapata vizuri sana huku mtaani.

Ni mimi, katika kulijenga taifa la waliokwisha kuzaliwa,

Shaibu Zahoro
Balozi

Tanbihi: Orodha mpya nimeipeleka leo asubuhi, kabla ya kuifunga bahasha hii. Ina watu mia na kumi na wawili kamili, na afisa ameigonga muhuri. Kasmir nimemwondolea wote watatu, na Mzee Safari nimemwacha apumzike. Mtoto wa Euphrasia yumo, namba arobaini na tatu. Aliyetoka ni mimi. Mke wangu, Tatu, amenuna tangu saa nne, lakini mimi wananiona kila siku hata nisipoandikwa. Yale matangazo ya Jumapili, kama hujayaandaa, usiyaandae. Na Kasmir asijue.