Limau la Mlango wa Nagaraj

Jumamosi, 27 Septemba

Sina wivu. Naandika hilo mwanzo kabisa ili lieleweke. Ila huyu Nagaraj ananitafuta.

Mimi Gervas ndiye fundi cherehani wa Akalla, mtaa huu wa huku kwa Waswidi. Wahandisi wa Kihindi wanaofanya kazi mtaa wa jirani wa Kista wamejaa kwenye ghorofa zetu hizi, na blauzi za sari za wake zao zilikuja kwangu. Mashati ya kupiga pasi, kwangu. Leo? Nagaraj kafungua duka mkabala na dirisha langu. Anashona, anapiga pasi, anauza bizari, anauza hata uji mzito uliochachushwa wa kupikia dosa, zile chapati zao nyembamba, kwenye ndoo! Foleni mpaka nje. Kwangu aliyeingia ni binti yangu Lina peke yake, kuchaji simu. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mbona mimi nazidi kuugua?

Mke wangu Dativa kasema wazi. Duka lisipochangamka kufikia Majilio, nafunga, narudi kuosha treni. Kuosha treni! Januari! Mimi!

Tumaini ni moja. Bi Vasudha wa ghorofa ya juu yetu anatafuta fundi wa kushona nguo za watoto watakaocheza ngoma ya Diwali. Watoto wa mtaa mzima! Vitambaa ataleta mwanzoni mwa Oktoba. Ataleta kwa nani, hajasema.

Jumatatu, 29 Septemba

Kariuki, yule kinyozi Mkenya wa mlango wa pili, kanipa siri. Anasema wenye maduka wa Kihindi aliowazoea Nairobi hawakumwacha mteja wa kwanza wa asubuhi atoke mikono mitupu. Hata akitaka bei ya kutupa, watampa. Akitoka bila kununua, siku nzima imekufa.

Ahaa! Basi kuanzia kesho mteja wa kwanza ni mimi. Nitamkamua mpaka afunge mwenyewe.

Jumatano, 1 Oktoba

Jana nimenunua bizari ya pilau, leo iliki, kwa bei ambayo mwenye shamba angeangua kilio. Nalipa kwa Swish, pesa za simu za huku. Yeye anaigusisha simu kwenye jicho la kulia, kisha la kushoto, kama anaibariki, anacheka kama kaona mwezi wa Idi.

Nikamwuliza, kwa Kiswidi chetu cha kuungaunga, kama haoni hasara. Akashangaa. Hasara gani, ndugu yangu? Tangu nianze kuingia wa kwanza, mali inaisha kabla ya adhuhuri! Eti nina mkono mwepesi, yaani wa baraka. Akaniomba kwa heshima zote nisikose hata siku moja.

Lo! Nimekuwa hirizi ya adui yangu!

Dativa kasifu sana iliki.

Ijumaa, 3 Oktoba

Leo sikwenda ng'o. Nimekaa dirishani kutwa nzima, namtazama. Anavyopokea mashati. Anavyochekacheka. Alivyo na meno mazuri, Mungu nisamehe.

Ndipo nikaona. Juu ya mlango wake kaning'iniza uzi, na kwenye uzi kuna limau na pilipili mbichi. Nikamwita Kariuki. Akatazama, akatikisa kichwa kizee, akasema biashara yote iko pale. Wateja hawaji hivihivi.

Nilijua! Haiwezekani mtu akapendwa kiasi kile bure.

Jumamosi, 4 Oktoba

Mungu si Athumani! Asubuhi Nagaraj kapanda stuli, kafungua ule uzi, katundika mpya, na wa zamani kautupa njiani. Katupa! Mwenye nacho hajui thamani yake.

Nikangoja aingie ndani, nikachomoka. Limau limesinyaa, pilipili zimejikunja, lakini dawa ni dawa, na hii imeshafanya kazi, inajua njia ya wateja. Nimeitundika juu ya mlango wangu na utepe mwekundu. Lina katazama, kaniambia kwa Kiswidi chake, "Pappa, sluta!" Yaani baba acha. Watoto wa huku biashara hawaijui.

Jumatatu, 6 Oktoba

Balaa. Balaa tupu.

Tangu asubuhi Wahindi wanaupita mlango wangu kwa mbali. Wengine wanakanyaga majani mabichi ili wasinikaribie. Mara namwona Bi Vasudha na mwanawe, mifuko ya vitambaa mkononi, vitambaa vinameta, na anakuja kwangu. Kwangu! Nikafungua mlango kwa mikono miwili. Akainua macho, akaliona limau, akarudi nyuma. Akamfunika mtoto uso kwa mtandio. Mifuko yote ikavuka njia ikaingia kwa Nagaraj.

Nimelia. Siandiki uongo humu, nimelia juu ya cherehani. Nikaziona treni, na brashi, na theluji.

Jioni Nagaraj kaja na ufagio. Kaliangusha limau kwa mpini, kidole hakugusisha. Akanieleza polepole. Kwao limau lile hunyonya jicho la husuda. Likishajaa hutupwa njiani, na hata kulikanyaga watu hawathubutu. Na mimi nimeokota lililojaa, nikalipamba na utepe!

Nikamwuliza limejaa jicho la nani. Akatazama dirisha langu, kiti changu, na kikombe changu cha chai pale dirishani. Akasema hajui. Watu ni wengi.

Jumanne, 7 Oktoba

Siamini. Nagaraj kaja na nusu ya vitambaa! Kasema kazi ni kubwa, peke yake haiwezi, na kamwambia Bi Vasudha kwamba fundi Gervas ana mkono mwepesi, yeye ni shahidi. Nusu yangu, nusu yake. Na nguo za harusi zitakazofuata tutagawana hivyo hivyo.

Dativa kapiga magoti pale pale sebuleni. Treni basi! Kisha akanishika sikio kama mtoto, akasema yule mtu nimshukuru, na riziki yake niiache. Nimeahidi mbele ya msalaba. Nagaraj ni ndugu yangu. Moyo wangu mweupe pe.

Ijumaa, 10 Oktoba

Kazi inakwenda vizuri. Ila nimegundua jambo. Mimi nimepewa suruali za wavulana. Yeye kachukua sketi za wasichana, zile zenye vioo vidogovidogo. Nani ataitazama suruali? Picha zote zitakuwa za sketi! Nimesogeza cherehani dirishani, nashona huku namwona anavyoshona, anavyosifiwa, anavyoonyesha yale meno.

Na jambo jingine, limenisikitisha kweli. Limau lake jipya, alilotundika Jumamosi tu, limekauka kabisa. La kwanza angalau lilikuwa na maji kidogo. Hili limekuwa jiwe! Jamani, mtaa huu kuna mtu ana roho mbaya sana. Nagaraj hakustahili kutendewa hivi.

Nimeapa kumkamata huyo mtu. Kuanzia kesho nakaa hapa hapa dirishani kutwa nzima, na duka la Nagaraj siliondolei macho.