Haji Jadaan Hufungua Kila Barua

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimefika Bahari ya Chumvi. Hoteli ya nguvu! Kongamano la wachangishaji fedha na programu zao za kompyuta za kufuatilia wafadhili, mpaka Alhamisi. Nimekuja na Ghadir, msaidizi wangu, binti ambaye amebeba kalamu rundo zima kana kwamba ana mtihani. Shirika letu la mjini Zarqa huwapatia watoto wa shule miwani. Kabla hatujatoka, mkurugenzi, Bi Nuzha, aliniita pembeni akanipasulia ukweli: nirudi na mfadhili mkubwa, la sivyo cheo changu atapewa Ghadir. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Ila kuna jambo linaniumiza kichwa. Programu yetu huonyesha nani kafungua barua pepe zetu. Haji Jadaan, mwenye machimbo ya mawe, hajatoa hata dinari moja tangu mwaka juzi, lakini barua zetu hufungua zote. Tena papo hapo! Kwa nini? Mtu asiyekupenda atasoma barua zako? Na yumo humu humu, mgeni wa heshima.

Jumanne, 7 Oktoba

Mtoa mada wa asubuhi kasema mfadhili asiombwe mpaka afahamike. Maneno ya dhahabu. Nikaanza utafiti.

Nilijibanza nyuma ya nguzo, Haji akiwa safu ya mbele, nikamtumia barua. Simu ikatikisika. Akaitoa saa hiyo hiyo! Akaishusha barua kwa kidole gumba, chini, chini, mpaka mwisho kabisa, akapakodolea macho kama mtu aliyedondosha pete. Akashusha pumzi. Nikatuma ya pili. Vilevile. Kwenye ya tano akashika paji la uso. Nikasema, huyu kaguswa.

Nilipomweleza Ghadir, akauliza kwa nini nisiende tu nikamuulize mwenyewe. Nikamwambia haraka haraka haina baraka. Akasema haya, Ustadh, akarudi kwenye kalamu zake.

Jumatano, 8 Oktoba

Leo! Kwenye meza yetu ya maonyesho niliweka kahawa ya hiliki, maana vipeperushi havimsimamishi mtu. Watu wakajaa. Mara huyo, Haji Jadaan na joho lake. Nikammiminia kwa mkono wangu. Akaketi, akakiweka kikombe mezani bila kukigusa.

Watu wakageuza shingo. Kwetu kila mtu anajua: mgeni asipoigusa kahawa ana haja, na hainywi mpaka akubaliwe. Mwenye machimbo ana haja na mimi! Nilidhani anataka jengo lipewe jina lake. Mwenyeji muungwana haulizi ni haja gani, na wale wa mashirika mengine walikuwa wananitazama kwa wivu. Ghadir akanikanyaga mguu. Nikainuka, mkono kifuani.

"Kunywa kahawa yako, Haji. Umeshakubaliwa."

"Mbele ya watu hawa?"

"Mbele yao wote."

Akanywa mpaka tone la mwisho, akakitikisa kikombe kuonyesha ametosheka.

"Basi mwanangu, nitoeni kwenye hizo barua zenu. Mwaka mzima natafuta pa kujitoa, sipaoni. Jana nilidhani simu imeingiwa na jini."

Kicheko kikapasuka ukumbi mzima. Ni kweli, pa kujitoa hapapo. Nilipafuta mwenyewe, kwa sababu watu walikuwa wanapatumia. Lakini neno likishatoka halirudi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikalifuta jina lake hapo hapo, huku wote wakishuhudia.

Halafu Ghadir akammiminia tena, akamwambia, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba kuna shule Zarqa ambako watoto hawauoni ubao. Haji akauliza wangapi. Alipotajiwa idadi, akasema atawapa miwani wote, kwa sharti moja: habari za kazi aletewe na binti huyu, kwa mdomo.

Alhamisi, 9 Oktoba

Bi Nuzha kanipigia simu kabla ya chai. Cheo ni cha Ghadir. Nimeumia, sifichi. Kahawa ilikuwa ya nani? Ghadir kanipa pole, kisha kaniomba neno la siri la programu. Nitampa, bila shaka. Jioni.

Kwa sababu kuna jambo bado linanitekenya. Haji alichukia kweli, au alikuwa ananitania? Mtu hajui mpaka apime. Haji Jadaan hayumo tena kwenye programu, ahadi ni ahadi. Niliyemwandikisha ni Abu Mashhur, yaani baba wa Mashhur: ni yeye yule, kwa jina la mwanawe mkubwa, kama mtaa mzima unavyomwita. Huyo hakutajwa kwenye ahadi. Nikamtumia barua fupi ya adabu, kumthibitishia kwamba hatutamtumia barua tena.

Kaifungua papo hapo! Anatupenda, nilijua tu. Naandika ya pili, ya kumshukuru.