Mkwe Namba Moja na Diski Namba Mbili

Dunia nzima ilikuwa na watu watatu tu wanaoijua sawasawa Linux, programu inayoendesha kompyuta, na wawili kati yao walishastaafu! Hizo ni hesabu za Gwiji, fundi kompyuta wa chuo cha ufundi. Jina la Gwiji alijipa mwenyewe. Mkuu wa chuo alikuwa mama mkwe wake, mwenye wakwe watatu, na kwa kuwa Gwiji ndiye aliyemwoa binti mkubwa, alijitambulisha popote kwa cheo hicho hicho: "Mkwe namba moja!"

Basi Jumatatu moja seva ya chuo, ile kompyuta kuu ya kumbukumbu zote, ikaanza kulia. Pii! Pii! Pii! Haikupumzika hata kwa chai. Kufika Jumatano, darasa la useremala lilikuwa linapigilia misumari kwa mapigo yake, na cherehani za darasa la ushonaji zinaitikia. Mama mkwe akamwita ofisini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Bwana fundi, ndani ya hiyo seva mna alama za wanafunzi za miaka kumi na miwili. Jumamosi mahafali, na vyeti bado kuchapwa. Mimi ndiye niliyekutetea mbele ya bodi. Usiniaibishe."

"Mama, umesahau unaongea na nani?"

"Sijasahau. Ndiyo maana silali."

Gwiji akaketi mbele ya seva, akaiuliza Linux ina diski ngapi za kutunzia kumbukumbu. Moja, ikajibu. Nzima? Nzima kabisa. Akainuka kifua mbele.

"Diski ni moja, nayo ni nzima! Inalia kwa furaha tu."

Mama wa usafi alikuwa palepale, anafuta vumbi.

"Mwanangu, mbona mimi kila asubuhi nafuta diski nne? Na hii moja taa yake nyekundu tangu Jumatatu."

"Mama, hayo mapambo. Wewe una kitambaa, mimi nina Linux!"

"Haya," akasema mama wa usafi, akaendelea kufuta mapambo.

Pii hazikukoma. Alhamisi Gwiji akameza kiburi kidogo, nusu kijiko hivi, akafungua mwongozo. Kumbe ndani ya seva mlikuwa na kadi inayozikusanya diski zote nne na kuitambulishia Linux diski moja kubwa, kama karani wa mapokezi asiyekuruhusu kumwona mtu yeyote ndani. Ukitaka habari za diski moja moja, unapitia kwa kadi na kutaja namba ya unayemtaka. Mwongozo ukaongeza kwamba diski moja ikifa, tatu zilizobaki zinabeba mzigo. Zikikosekana mbili, mzigo wote chini!

Ijumaa asubuhi akaandika amri ndefu kama orodha ya mahari, akizihoji moja baada ya nyingine. Namba sifuri: nzima. Namba moja: nzima. Namba mbili: mahututi! Namba tatu: nzima.

Mtu mwingine angebadilisha diski akaenda zake kunywa chai. Gwiji aliita watu! Walimu wakaja, karani wa mitihani akaja, mama mkwe akaja na miwani yake ya kusomea bajeti.

"Mabibi na mabwana," alitangaza, ameinua diski mpya juu kama kombe, "leo mtaona upasuaji!"

"Mwanangu," mama wa usafi akanong'ona, "nyekundu ni ile pale."

"Taa ni za watu wa kawaida, mama. Mimi mashine imeniambia kwa mdomo wake: namba mbili." Akahesabu kwa kidole kutoka kushoto. "Moja! Mbili!" Akachomoa.

Pii ikakatika.

Kimya kile! Kule kwenye useremala, mtu aliyezoea mapigo akajigonga kidole gumba. Makofi yakalipuka. Mama mkwe akatabasamu, mara ya kwanza tangu siku ya harusi. Gwiji akainama kushoto, akainama kulia.

"Jamani," karani wa mitihani akaita kutoka kwenye meza yake, "alama zote zimekwenda wapi?"

Seva ilikuwa imenyamaza kwa sababu imezimika. Gwiji hakuthubutu kugeuka kuyaona macho ya mama mkwe.

Mama wa usafi akapitisha kitambaa chini ya nafasi zile za diski. "Namba hizi nazifuta kila siku. Ya mwanzo imeandikwa sifuri. Sifuri, moja, mbili. Wewe umechomoa moja, mzima wa afya."

"Nani anaanza kuhesabu na sifuri?"

"Mashine yako. Si ulisema imekuambia kwa mdomo wake?"

Akairudisha, akawasha upya. Kadi ikauliza kama izikusanye tena diski zake. Akabonyeza ndiyo, amefumba macho. Dakika kumi baadaye alama zilirudi zote. Ndipo akaitoa ile yenye taa nyekundu, akaweka mpya, mama wa usafi akimshikia mkono.

Mama mkwe hakufoka. Alimvua ufunguo wa chumba cha seva shingoni, akamkabidhi mama wa usafi. "Asiingie humu bila wewe."

Jumamosi vyeti vilitolewa. Mgeni rasmi akaomba kutambulishwa kwa familia, na wakwe wakajipanga mstari, Gwiji mbele kabisa, suti imenyooka, kifua kimerudi mahali pake.

"Hawa ndio wakwe zangu," mama mkwe akasema, akinyoosha kidole, akianzia kwa Gwiji. "Sifuri, moja, mbili."