Ya Kwanza Kuwaka Ndiyo Bwana

Kabla ya Dullo, kompyuta zote duniani zilikuwa yatima! Kila moja ilikaa peke yake mezani ikisemezana na ukuta, bila ndugu wala jirani. Ndipo mwaka wa 1987 Dullo akatokea Isiolo, akachukua waya, akaziozesha.

Hayo ni maneno yake mwenyewe. Ukweli ni kwamba zilikuwa kompyuta mbili tu, na waya ulikuwa wa simu iliyokufa.

Dullo alikuwa fundi wa redio, mwenye kibanda karibu na soko la mifugo. Redio ikimshinda, alisema stesheni ndiyo mbovu. Mwaka huo mradi mmoja wa mifugo ulifungwa, wenyewe wakagawa vitu, naye akaambulia kompyuta mbili ndogo, kila moja kama tofali lenye vitufe. Hazikuwa na uso. Ziliazima wa televisheni. Hazikuwa na kumbukumbu pia. Ukizizima zilisahau kila kitu, ikabidi zisomewe upya kutoka kwenye kanda ya kaseti. Lakini kuimba zilijua. Ti-to-ti! Sauti tatu kwa pamoja, kama mbu watatu waliokwenda chuo.

Mtu mwingine angetosheka na hapo. Lakini Dullo alikuwa anampenda Mumina.

Mumina alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, binti wa Mzee Arero, mwenye malori manne ya kwenda Merti. Posa ya Dullo ilikuwa imefika nyumbani kwao Kiwanjani, na Mzee alisema atajibu siku ya arusi ya mwanawe mkubwa.

"Nataka kukuangalia kwanza," alisema.

Kuangaliwa! Dullo hakuwahi kusikia neno tamu namna hiyo. Hiyo ndiyo kazi aliyozaliwa kuifanya.

"Mzee," akasema, "muziki wa hiyo arusi niachie mimi! Wanaume watakaa upande huu, wanawake upande ule wa ua wa mabati, kama desturi. Kila upande kompyuta moja, katikati navuta waya. Yetu itaimba, yao itaitikia. Hiyo inaitwa mtandao wa nyumbani."

"Utando?" akauliza Isacko, dereva wa lori la kwanza. "Kama ya buibui?"

"Mtandao, bwana!"

"Hata buibui husema hivyo hivyo."

Dullo akamgeuzia kisogo. "Ni kama nyumba ya mtu, Mzee. Lazima mmoja aongoze. Ya kwanza kuwaka ndiyo bwana. Ya pili ikiwaka inauliza kwenye waya, kuna mtu? Ikisikia yuko, inanyamaza na kufuata. Haibishani!"

"Haibishani," Mzee akarudia polepole, kama mtu aliyepewa habari za nchi ya mbali ambayo hatafika.

Ikabidi Mumina afundishwe kompyuta ya upande wake. Somo lilifanyika sebuleni, na bibi yake, Akko Abiba, akakaa katikati yao wima kama nguzo ya simu.

"Mwambie aweke kanda, abonyeze hapa, asubiri," Dullo akasema.

"Yeye si kiziwi," akajibu Akko. "Na mimi si posta."

"Asiwashe mpaka nipige mluzi. Yangu lazima itangulie."

"Na yake ikitangulia?"

Dullo akacheka mpaka akashika mbavu. "Akko, hiyo haiwezekani!"

Mumina hakucheka. Aliuliza jambo moja tu: nyimbo zenyewe huandikwaje humo ndani? Na Dullo, ambaye hajawahi kuulizwa kitu akakijibu kwa ufupi, alieleza kila kitufe na kila noti mpaka alasiri ikaingia. Mumina alikuwa amesoma muziki chuo cha ualimu. Hilo Dullo hakuuliza. Alipokuwa akisema, mara chache alikumbuka kuuliza.

Siku ya arusi ikafika. Dullo alivaa suti ya sufu katika jua la Isiolo, akawa anajipika mwenyewe taratibu. Jenereta ikanguruma. Spika ikafungwa juu ya mti wa mgunga. Wimbo alikuwa ametunga mwenyewe, nao uliitwa "Dullo Hana Mfano". Alinyoosha kidole kuelekea swichi, tayari kuandika historia!

"Tuombe dua kwanza," akasema Mzee Arero.

Wanaume wote wakainua viganja. Dullo naye akainua viganja, vyote viwili, maana hakuna dua ya kiganja kimoja.

Mzee akamwombea bwana arusi. Amin! Akamwombea bibi arusi. Amin! Akaomba mvua, akaomba ngamia, akaomba ng'ombe, akaomba mbuzi weupe, na mbuzi weusi wasije wakajiona wametengwa. Amin!

Hapo ndipo sauti ilipovuka ua wa mabati. Kriiiiii! Kanda ya kaseti ilikuwa inasomwa upande wa wanawake!

Dullo akapiga hesabu. Kanda huchukua dakika nne kusomwa. Dakika nne! Kisha akamsikia Akko Abiba akisema waziwazi, "Sisi tumemaliza kitambo. Mungu anatujua, hatuna haja ya kumsimulia."

Afanye nini? Akaanza kuitikia haraka haraka ili aisukume dua imalizike. "Amin! Amin! Amin-amin!"

Mzee akafumbua jicho moja, akapendezwa. Kumbe kijana ana dini hivi! Akaongeza dua. Akaiombea barabara ya Merti. Akayaombea malori, moja moja, kwa namba za gari. Kule ng'ambo, kriiii ikakatika. Kimya. Halafu ikasikika ti! moja ndogo, safi, ya kitu kilichoamka na kukuta dunia ni yake.

Alipoachiliwa, Dullo alirukia swichi, akasomesha kanda yake, jasho likimtiririka. Televisheni ikawaka. Hapo kwenye kioo paliandikwa namba moja tu: 2.

Aliigeuza televisheni iangalie mti.

Spika ikaanza kuimba. Wapi "Dullo Hana Mfano"! Ulikuwa wimbo wa kunywesha ng'ombe kisimani, ule ambao wanaume huimba wakipokezana ndoo kutoka chini. Wazee walitazamana. Mmoja akasimama, wa pili akasimama, mara wakajipanga mstari, wakapokezana ndoo za hewa, fimbo zikiwa kwapani!

"Fundi!" Isacko akapaza sauti. "Hii wimbo umeitoa wapi?"

"Nimeitunga mimi!" Dullo akasema. Mdomo ulimtangulia, kama kawaida yake.

"Babu yangu alikuwa anaiimba."

"Nimeitunga upya!"

Wimbo ukabadilika. Ukaja wa kubembeleza watoto walale. Wazee wenye ndevu za hina wakasimama kimya katikati ya ua, wakijiuliza nani apewe ziwa.

"Na hii pia ni yako?" Mzee Arero akauliza.

"Yangu, Mzee."

Ukabadilika tena. Sasa ukawa ule wa wanawake wanapojenga nyumba, maana kwa Waborana nyumba hujengwa na mwanamke. Na ng'ambo ya mabati wanawake wote wakadaka maneno:

"Leta miti, leta mikeka,
maneno hayaezeki nyumba!"

"Hii nayo?"

"Yangu," Dullo akasema, kwa sauti ya mbu wa tatu.

"Vizuri. Basi zima kidogo. Nataka kutoa jibu la posa yako."

Dullo akabonyeza kitufe. Muziki ukaendelea. Akabonyeza vyote. Ukaendelea, tena kwa raha zaidi. Angeweza kung'oa plagi, lakini bwana gani wa nyumba huzima kwa kung'oa? Kung'oa ni kukiri. Na ua wote ulikuwa unamtazama, kama alivyokuwa akitamani siku zote. Leo akagundua kutazamwa kuna uzito.

Akatembea mpaka kwenye mabati. Kuingia ng'ambo hakuweza, asilani. Akabisha.

"Nani?" Akko Abiba akauliza.

"Ni mimi. Mwambie Mumina azime."

"Mimi nani?"

"Dullo, Akko!"

"Huyo hana mfano?"

Vicheko vikapasuka ng'ambo. Halafu sauti ya Mumina ikaja, karibu kabisa na mabati, tulivu kama ya mwalimu anayesubiri darasa litulie. "Dullo, mashine yako imeandika nini kwenye kioo?"

"Imeandika... namba."

"Namba gani?"

"Mbili."

"Hatusikii huku. Muziki ni mwingi."

Dullo akavuta pumzi zote alizokuwa nazo. "WA PILI! MIMI NI WA PILI! ANAYEONGOZA NI MUMINA!"

Muziki ulikuwa umezimwa kwenye neno la kwanza. Kilichobaki kilisikika hadi soko la mifugo.

"Wallahi," Isacko akasema katika ule ukimya, "mke wa pili nimeona wengi. Mume wa pili ndiyo leo!"

Watu walicheka mpaka mmoja akaangukia sinia la pilau. Dullo alibaki ameelekea mabati, suti imemganda mgongoni. Basi yamekwisha, akawaza. Mzee Arero alisubiri kicheko kiishe, akaja akasimama kando yake.

"Nimekupa binti yangu," akasema.

"Umenipa? Mzee, lakini si umesikia..."

"Nimesikia. Madereva wanaojua kuongoza ninao wanne, na sasa hivi malori yangu mawili yamelala mtaroni njia ya Merti." Isacko akaangalia viatu vyake. "Nilikuwa natafuta mmoja anayejua kuomba njia. Mumina! Wewe wasemaje?"

Jibu likatoka ng'ambo. "Akiweza kunyamaza, Baba, mimi sina neno."

Vigelegele! Dullo akageuka, akakuta kila uso unamtabasamia. Kifua kikafura. Tai akainyoosha.

"Ndugu zangu," akaanza, "msidhani sikujua! Kusema kweli, jambo hili lote nililipanga mimi tangu..."

"Mumina!" Mzee Arero akapaza sauti juu ya mabati. "Washa!"